Miezi minane na jiko la presha la umeme, hapa Mbeya

Nilipohamia Mbeya kutoka Tanga niligombana na wauza maharage wawili wa soko la Soweto. Nilikuwa na hakika wananiuzia mzigo wa msimu wa juzi. Tanga nilizoea kuyabandika, nikimaliza kufua yameiva. Huku yanachemka, yanachemka, mkaa unaisha, na ukilibonyeza moja bado lina kiini. Baadaye nilimwomba radhi mmoja wao. Mwingine kahama kibanda.

Kumbe kosa lilikuwa la mlima. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa inayoyakandamiza maji ndani ya sufuria ni pungufu kuliko ya pwani, kwa hiyo maji yanachemka yakiwa na nyuzi 94 hivi badala ya 100. Yakishachemka, joto lake halipandi tena. Ukiongeza mkaa unaongeza mvuke tu, nao unatokea dirishani. Miaka minne nilikuwa nachochea nikidhani nawahisha mboga!

Jiko la presha linamaliza ubishi huo kwa kuufungia mvuke ndani. Presha ikipanda, maji yanakubali joto zaidi kabla ya kuchemka, na zile gundi zinazoshikilia chembe za haragwe zinaachia haraka. Si uvumbuzi wa jana: Mfaransa Denis Papin alionyesha chungu cha namna hii London mwaka 1679, akilainishia mifupa, na vali ya usalama ilikuwa kazi yake pia. Kipya ni kilichofungwa chini ya chungu, yaani sahani ya umeme, vihisi vya joto na presha, na saketi inayokata umeme presha ikitosha na kuurudisha ikishuka. Lile la kuweka juu ya gesi, linalopiga filimbi, niliwahi kuwa nalo. Nililiogopa nikamgawia jirani.

Hili la sasa ni la lita 6, wati 1,000, nililinunua kwa shilingi 185,000. Jina la kampuni silitaji kwa sababu yaliyojaa madukani yanafanana kama mapacha, na nitakayosema yanayahusu karibu yote.

Swali la kwanza la kila mtu ni umeme. Mimi ni fundi cherehani, hesabu ndogondogo ndiyo maisha yangu, kwa hiyo nilipima. Nilizima friji, taa, pasi, kila kitu, nikasoma mita ya umeme, LUKU, kabla na baada. Nusu kilo ya maharage ya njano ambayo hayakulowekwa ilikula uniti 0.4. Kwa tarifu yangu, elfu kumi inaleta uniti 28 kodi ya jengo ikiwa imeshakatwa, kwa hiyo sufuria nzima ni kama shilingi 145. Zamani kopo la mkaa la elfu mbili lilikuwa linaishia kwenye maharage hayohayo, na siku za mvua halitoshi. Watu hudhani jiko la wati 1,000 linanyonya wati 1,000 muda wote. Hapana, linavuta kwa nguvu zile dakika ishirini za kwanza, kisha linalala na kushtuka kidogo kidogo, kwa kuwa mvuke hautoki na mwili wake unatunza joto.

Kijitabu cha mapishi kilichokuja nalo ndicho kilinipa shida. Kinasema dakika 30. Nikaweka 30, maharage yakatoka magumu, nikaanza kuwaza vibaya tena kuhusu wauzaji. Kumbe presha iliyoandikwa kwenye kibandiko, kilopaskali 70, inahesabiwa juu ya ile ya hewa ya nje. Dar es Salaam jumla yake inafikisha nyuzi 115 hivi. Kwetu hewa ya nje ni nyepesi, hivyo jiko lilelile linaishia kama 112. Aliyeandika kijitabu hajawahi kuvaa sweta mwezi wa saba Mbeya. Mimi sasa naweka 45, na makande naweka saa nzima. Uko Njombe au Makete? Anza na hizo uone.

Wiki ya kwanza nilijaza maharage kupita nusu ya sufuria, dakika zilipoisha nikafungua vali papo hapo. Povu liliruka hadi kwenye dari, na alama yake ipo mpaka leo. Maharage yanatoa povu, na povu linaziba njia ya mvuke. Usipite nusu, na ukimaliza liache litulie lenyewe robo saa au zaidi.

Kuna pia kitufe cha kupika polepole. Kwa maharage mekundu mabichi usikiguse. Yana sumu ya asili inayoharibika yakichemka sawasawa, walau dakika 10, na joto la polepole linaweza lisifike huko. Tumbo litakalofuata hutalisahau.

Umeme ukikatika presha ikiwa imeshapanda, mimi silifungui, nalifunika blanketi dogo bila kuziba vali, na mara nyingi chakula kinakaribia kuiva chenyewe. Ukikatika mwanzoni, langu linasahau kila kitu na naanza upya.

Ugali? Nilijaribu mara moja. Sufuria ya ndani haijashikiliwa na chochote, kwa hiyo ukisonga inazunguka pamoja na mwiko, unabaki kama unacheza ngoma na jiko. Ugali wangu bado ni wa gesi, chapati ni za mkaa. Tangu Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia utoke mwaka 2024, na lengo la asilimia 80 ya Watanzania kupikia nishati hiyo ifikapo 2034, nasikia haya majiko yakisifiwa kana kwamba yanapika vyote. Langu ni la maharage, makande, makongoro na ndizi. Kwa hayo silibadilishi.

Mama mkwe alikuja kutoka Tukuyu mwezi uliopita. Nilibandika tukiwa tunaongea, nikarudi kwenye cherehani, nikapakua. Akala kimya, kisha akaniuliza, "Mwanangu, haya umeyapika jana?" Nikamwonyesha jiko. Akainama akanusa mfuniko. "Maharage mazuri. Ila yananukia dagaa."

Kweli, mama. Ule mpira wa mfuniko unashika harufu ya kila kilichopikwa, hata ukiuosha kwa ndimu. Wa akiba nimeuagiza tangu mwezi wa tatu, na fundi ananiambia uko njiani.