Tathmini ya AquaVac RELERA, chanjo ya trauti dhidi ya ugonjwa wa mdomo mwekundu

AquaVac RELERA ni chanjo ya kuchovya inayouzwa na kampuni ya MSD kwa ajili ya trauti wa upinde wa mvua wanaofugwa, na kazi yake ni moja tu, nayo ni kuwakinga na ugonjwa wa mdomo mwekundu unaoletwa na bakteria aitwaye Yersinia ruckeri. Nimeitumia katika shamba la trauti nchini Uingereza, na ninaandika kwa ajili ya wafugaji na maofisa wa mifugo wanaosoma Kiswahili, hasa wale wa miteremko ya Mlima Kenya na Aberdare, ambako samaki huyu aliletwa enzi za ukoloni na anafugwa hadi leo. Kwa maoni yangu ni chanjo nzuri sana, mradi anayeitumia awe na uhakika kwamba ugonjwa unaomsumbua ndio huu hasa.

Trauti aliyeambukizwa huwa mweusi kuliko wenzake, huacha kula, na hujitenga pembezoni mwa bwawa. Damu huvilia kuzunguka mdomo, kooni na kwenye mashina ya mapezi, macho hutokeza nje, na akipasuliwa huonekana wengu uliovimba na utumbo uliojaa majimaji ya manjano. Mlipuko huja mara nyingi maji yanapopata joto, au samaki wanapokuwa wamesongamana na kusumbuliwa, na wanaopona hubaki na bakteria mwilini wakiendelea kuwaambukiza wengine. Ndiyo maana kutibu kwa antibayotiki peke yake hakumalizi tatizo: dozi ikiisha, chanzo cha ugonjwa bado kimo bwawani.

Bakteria huyu alitambuliwa kwanza katika miaka ya 1950 kwenye bonde la Hagerman, jimbo la Idaho, Marekani, na chanjo dhidi yake iliyopata leseni huko mwaka 1976 ndiyo chanjo ya kwanza ya samaki kuuzwa kibiashara nchini humo. Ilitengenezwa kwa njia sahili, yaani kwa bakteria waliouawa bila kuvunjwavunjwa miili yao, na kwa miaka mingi ilifanya kazi vizuri mno. Kisha mashamba ya Uingereza yalianza kuona trauti waliochanjwa wakiugua. Ilibainika kwamba kulikuwa na aina nyingine ya bakteria yuleyule, isiyo na uwezo wa kuogelea, ambayo chanjo ya zamani haikuizuia ipasavyo. RELERA ina aina zote mbili, na kwangu hiyo ndiyo sababu kuu ya kuichagua badala ya chanjo yenye aina moja.

Matumizi yake ni mepesi kueleza, lakini yanadai uangalifu. Lita 1 ya chanjo huchanganywa na lita 9 za maji safi ya kituo cha vifaranga, kisha vifaranga hutiwa kwenye wavu wa mkono, huachwa wachuruzike maji, na huchovywa kwa sekunde 30 kabla ya kurudishwa majini. Katika muda huo mfupi chanjo hupenya kupitia matamvua na ngozi. Mchanganyiko huo wa lita 10 hutosha kilo 100 za samaki, ambazo kwa vifaranga wa gramu 5 ni sawa na samaki 20,000. Kazi ikienda haraka, watu huanza kuzidisha samaki wavuni, wale wa katikati wasiguswe sawasawa na dawa, au huhesabu sekunde kwa kukisia. Mimi husisitiza saa, mizani na oksijeni inayopulizwa ndani ya pipa muda wote, na vifaranga wawe wamenyimwa chakula tangu siku iliyotangulia. Samaki wagonjwa hawachanjwi kabisa.

Kinga haipatikani papo hapo. Muda wa kuisubiri hupimwa kwa kuzidisha joto la maji kwa idadi ya siku, kwa hiyo maji ya nyuzi 12 za Selsiasi huhitaji majuma kadhaa, na yaliyo baridi zaidi huhitaji zaidi. Anayechanja leo na kuwahamishia vifaranga kesho kwenye mto wenye ugonjwa anapoteza fedha zake. Vilevile kifaranga mdogo mno hupata kinga ya muda mfupi. Shambani kwetu hatukuchanja walio chini ya gramu 5.

Mipaka yake ni wazi. Haizuii ugonjwa wa vifaranga unaoletwa na bakteria mwingine, Flavobacterium psychrophilum, ambao huua wakiwa wadogo hata kabla ya umri wa kuchanjwa, wala haizuii magonjwa yanayoletwa na bakteria wa jamii ya Aeromonas. Kwa hiyo sampuli ipelekwe maabara kwanza, na daktari wa mifugo athibitishe pia kwamba chanjo imeruhusiwa nchini. Usafirishaji nao si jambo dogo, kwa sababu chupa inapaswa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 bila kugandishwa kamwe.

Kwa mfugaji mdogo, kikwazo kikubwa ni ukubwa wa chupa ya lita 1, kwa kuwa wachache wana vifaranga 20,000 kwa mpigo, na chupa iliyofunguliwa haiwekwi akiba ya msimu ujao. Majirani wakishirikiana kununua, wasichovye samaki wao katika pipa moja, kwani watakuwa wanabadilishana vimelea. Mpango ulio bora zaidi ni kituo kinachouza vifaranga kuwachanja wote kwa pamoja, kuwaacha wajenge kinga kwenye maji yake, kisha kuwauza pamoja na cheti kinachoonyesha tarehe ya chanjo na joto la maji, hata kama bei ya kila kifaranga itapanda kidogo.