Mbolea ya urea ya kukuzia majani ya ng'ombe, duka la pembejeo hapa Masasi: nyota 4

Jamani hii urea imenifurahisha sana. Mfuko wa kilo 50 ni 46% naitrojeni, yaani kilo 23 za naitrojeni, nikamwaga nusu mfuko kwenye eka moja ya majani ya tembo baada ya kukata, mvua ya Januari imeshalowesha ardhi, wiki ya nne majani yananifika kiunoni na ukijani wake unakaribia weusi. Muuzaji mwenyewe ndo alinisisitizia nisimwage juani kwenye udongo mkavu, inapotelea hewani, na kweli mwaka jana nilipoteza hivyohivyo, iliniuma. Ila mfuko wa pili ulikuwa umeshika unyevu, mabonge magumu nikayaponda na mchi yakagoma, nikaurudisha akanibadilishia bila maneno. Nyota moja imeenda hapo, stoo waiangalie.

Samadi lakini msiache! Mi lile tope la bandani, mavi na mkojo, nalichanganya na maji namwaga kwenye mitaro katikati ya mistari kisha nafukia, maana urea haina fosforasi wala potasiamu na huu mchanga wetu umechoka.