Ubao Mrefu wa Mawimbini na Ubao Mrefu wa Magurudumu

Ubao mrefu wa kuteleza juu ya mawimbi, ambao kwa kawaida huanzia futi 9 na huwa na ncha ya mviringo, huelea vizuri kwa sababu ya ukubwa wake, hivyo hulidaka hata wimbi dogo la polepole kama yale ya Waikiki, Hawaii. Ule wa magurudumu, wenye urefu wa takriban mita moja tu, una asili yake kwa wateleza-mawimbi wa California, ambao katika miaka ya 1950 waliitafuta barabarani raha waliyoikosa bahari ilipotulia. Magurudumu ya awali ya chuma yalikwama kwenye kila kijiwe, hadi yale ya poliurethani (aina ya plastiki), aliyoyaleta Mmarekani Frank Nasworthy mwanzoni mwa miaka ya 1970, yalipoishika lami vizuri na kumwezesha mtu kukata kona kana kwamba yuko majini.

Tofauti kubwa, kwa maoni yangu, ni kuanguka: maji husamehe, lami haisamehe, kwa hiyo kofia ngumu haiepukiki. Anayeanza akiwa karibu na mawimbi mapole achague wa majini, ingawa kuupakia kwenye basi ni kazi nyingine kabisa.