Ubao wa msasa na mashine ya kusaga kucha: mrejesho kwa wenye mbwa wanaoogopa mkasi

Niende moja kwa moja. Kama mbwa wako akiuona mkasi wa kucha anatetemeka, anaingia uvunguni au anaanza kuonyesha meno, usikimbilie kununua mkasi mwingine wa bei zaidi, tafuta ubao wenye msasa. Ubao wa kawaida kabisa, juu umebandikwa msasa, mbwa anafundishwa kuukwaruza kwa miguu ya mbele na kucha zinasagika yeye mwenyewe akiwa anafanya kazi. Mi nimeutumia kwa Rambo wangu, afu nikaongezea na ile mashine ndogo ya umeme ya kusaga kucha, kwa hiyo haya ni maoni yangu ya vyote viwili na nitasema wazi kipi kinafaa wapi.

Rambo ni chotara wa German Shepherd na kienyeji, dume kubwa, kucha zote nyeusi tii. Kuna mtu tulimwita aje nyumbani kumkata, akakata mpaka kwenye nyama, damu ikatoka, na wakati huo mbwa kashikwa na watu wazima wawili na mdomo umefungwa kamba. Toka hapo ukimgusa tu mguu anauvuta, analamba lamba midomo, anapiga miayo, anageuza kichwa pembeni mpaka unaona weupe wa macho. Hizo dalili mzijue jamani, maana wengi tukiona miayo tunasema mbwa ana usingizi, kumbe mbwa anayepiga miayo huku umemshika mguu anakwambia hana raha kabisa, na ukiendelea kumlazimisha hatua inayofuata ni kunguruma na ya baada ya hapo ni kung'ata.

Na hofu yake ina sababu. Ndani ya ukucha wa mbwa kuna nyama yenye mshipa wa damu na mishipa ya fahamu, ukiigusa na mkasi inauma kwelikweli na damu inatoka nyingi kuliko unavyotegemea. Mbwa mwenye kucha nyeupe unaiona ile sehemu kwa wekundu wake, ila mwenye kucha nyeusi kama Rambo huoni kitu, unabahatisha. Na hata usipoifikia, mkasi, hasa ukiwa butu, unaubana ukucha kabla haujakata, ule ubanaji nao anausikia. Kwa hiyo kumfokea au kumlalia juu ili umalize haraka ni kumhakikishia tu kwamba alikuwa sahihi kuogopa.

Kuacha zirefuke nako hapana. Kucha ndefu zinagonga chini kila hatua, zinasukuma vidole juu, mbwa anabadili namna ya kusimama na viungo vinabeba uzito vibaya, kwenye marumaru anateleza, na ukucha ukinasa mahali unaweza kupasuka mpaka kwenye nyama. Mbwa anayetembezwa sana kwenye lami zinajisaga kidogo, lakini wa kwetu wengi mchana yuko bandani na usiku anazunguka kwenye bustani na mchanga, hapo hakuna cha kusaga kitu.

Sasa ubao. Nilitengenezewa na fundi seremala wa Keko, hapa Dar, kipande cha ubao kilichobaki kwenye kazi yake, urefu kama sentimeta 60 na upana 30, akaupiga randa pembeni usiwe na vibanzi. Msasa nilichukua hardware, na hapa ndo nataka mnisikilize, chukueni msasa wa kitambaa, ule unaokatwa kwa mita, msichukue wa karatasi. Wa karatasi kwa joto na unyevu wa Dar unabanduka, afu mbwa mkubwa akikwaruza kwa nguvu unachanika na vipande vinabaki chini anavilamba. Namba, mi natumia 80. Kadiri namba inavyopanda ndo msasa unavyokuwa laini, kwa hiyo kwa mbwa mdogo au anayeanza 120 inatosha, inasaga taratibu, na ukishaona ameelewa unarudi kwenye 80. 60 ni mkali sana, labda kwa jibwa lenye kucha nene na uwe umemsimamia. Bandika kwa gundi ya mbao uso mzima, usitumie misumari, kichwa cha msumari kikijitokeza ukucha unanasa. Zipo mbao za kuagiza mtandaoni zimepakwa rangi, nyingine zina kidroo cha kuficha vitafunwa ambacho mbwa anakikwaruza mpaka umfungulie, nzuri kwa macho, ila kazi ni ileile na ya fundi ukimalizika msasa unabandika mwingine kwa hela ndogo sana.

Kumfundisha ndo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Chakula cha kumtuza tumia kitu anachokipenda kweli, sisi tulitumia maini ya kuchemsha yamekatwa vipande vidogo kama punje za mahindi, na dagaa wakavu wasio na chumvi. Ubao unalala chini kwanza, anaunusa, anapewa. Anaukanyaga, anapewa. Halafu nikawa naweka kipande cha ini chini ya kitambaa juu ya ubao, yeye anataka kukitoa kwa mguu, ile kukwaruza mara moja tu nasema "safi!" na namrushia kipande kingine. Hilo neno liwe fupi na liwe lilelile kila siku, linamwambia ni kitendo kipi hasa kimemletea ini. Kama mbwa wako anajua kutoa mkono ni rahisi zaidi, unamwambia toa mkono afu ule mkono unakutana na ubao. Akishashika mchezo unaanza kuuinua ubao pole pole mpaka usimame mshazari, kati ya kulala na kusimama wima, hapo kucha zinasagika vizuri na nyama ya unyayo haigusi sana msasa. Dakika chache tu, unaacha akiwa bado anataka. Usisubiri achoke.

Kilichonigusa ni kwamba hakuna anayemshika. Anakuja mwenyewe, akitaka kuondoka anaondoka, na hakuna anayemkimbiza. Rambo aliyekuwa anajificha bafuni saivi akiona ubao umetolewa stoo mkia unapiga ukuta. Yule mbwa wa kufungwa kamba mdomoni! Mke wangu hakuamini mpaka alipoona unga wa kucha umetapakaa kwenye msasa.

Ila ubao una mipaka yake na sitaki mtu anunue akidhani umemaliza kila kitu. Vidole viwili vya katikati ndo vinasagika sana, vya pembeni vinapata kidogo. Dawa yake tulichukua bomba la plastiki la maji taka, lile nene la inchi 6, fundi akalipasua katikati kwa urefu na tukabandika msasa kwa ndani, kwa vile limepinda mguu ukiingia na vidole vya pembeni navyo vinagusa. Kingine ni ule ukucha wa juu, upande wa ndani wa mguu wa mbele, hauguswi na ardhi wala ubao, ukisahaulika unajikunja na unaweza kuingia kwenye nyama, na kwa mbwa wa manyoya mengi huuoni mpaka uupapase. Miguu ya nyuma nayo ni kazi nyingine, kuna mbwa wanaoparua chini wakishajisaidia, hao unaweza kutumia tabia hiyo kuwafundisha, Rambo hana hiyo kwa hiyo nyuma tumebaki na mashine. Na kila baada ya mchezo geuza unyayo uangalie, mbwa mwenye hamu ya ini anaweza kukwaruza mpaka ngozi ya unyayo ikachubuka.

Haya, mashine. Ni kidude cha kushika mkononi, mbele kina kijigurudumu cha msasa kinachozunguka, unachaji kwa waya wa simu. Jina linalojulikana sana duniani ni Dremel, Wamarekani wa vifaa vya ufundi, mashine zao zilianzia kwenye kazi za ufundi kabla hazijafika kwenye kucha za mbwa na wanayo maalumu ya wanyama. Mi ninayo ya bei nafuu isiyo na jina la maana, nimeagiza mtandaoni. Inafanya kazi, spidi mbili, chaji inatosha kucha zote na inabaki, ila kifuniko chake cha plastiki kililegea mapema na kijigurudumu cha akiba kilichokuja nacho kinacheza kikiwa kasi, nikakitupa. Ukinunua zungusha kwanza ukiwa dukani, kikitikisika chukua kingine, maana ule mtikisiko ndo unaosumbua ukucha wa mbwa.

Matangazo yanasema kimya kimya. Masikio ya binadamu yanasikia sauti nyembamba mpaka kama Hz 20,000 (Hz ni kipimo cha wembamba wa sauti), ya mbwa yanafika kama 45,000, kwa hiyo kimya chako wewe sio kimya chake. Mashine ilikaa sebuleni karibu na bakuli la chakula imezimwa kabisa mpaka akaizoea kama kiatu changu. Halafu inawashwa chumba kingine huku anakula, inasogezwa karibu, inagusishwa begani ikiwa imezimwa, inagusishwa ukucha imezimwa, na mwisho kabisa inawaka na kugusa ukucha mmoja, sekunde moja, anapewa ini, basi, siku imeisha. Mtu akikwambia mbwa muoga unaweza kumsaga kucha zote siku ya kwanza usimsikilize. Ukucha mmoja leo na mwingine kesho hakuna aliyekufa, kucha za mbwa wa kawaida ni 18, zitafika tu.

Cha kuogopa kwenye mashine ni joto. Ukiing'ang'aniza sehemu moja ukucha unapata moto na mbwa anaungua, ndo unarudi kule kule mlikotoka, kwa hiyo gusa, toa, gusa, toa. Anza spidi ndogo. Shikilia kidole chenyewe taratibu ili kisitikisike. Kwa kucha nyeusi uzuri wa mashine ni kwamba inaenda kidogo kidogo, unaangalia uso wa ukucha kwa mbele, ukianza kuona kidoti katikati kimetofautiana rangi na pembeni yake simama hapo hapo, nyama iko karibu. Ukisaga kidogo kila wiki ile nyama ya ndani inarudi nyuma yenyewe polepole na ndo unapata nafasi ya kuzifupisha zaidi, hakuna haja ya kulazimisha kwa siku moja. Jirani ana kijibwa aina ya Maltese mwenye manyoya mpaka chini, tulimvalisha mguu stokingi ya zamani, kucha zinatoboa na kutoka nje na manyoya yanabaki ndani, la sivyo yanazungushwa na mashine na kuvutwa, na hapo huyo mbwa humpati tena. Vumbi lake lina harufu mbaya, fanyia nje na uvae barakoa.

Weka pembeni unga wa kukausha damu, wenye maduka ya mifugo wanao baadhi, ukikosa chukua konflawa, unabandika kwenye ncha ya ukucha na kugandamiza kidogo. Damu isipokata piga simu kwa daktari wa mifugo.

Mtindi uliopakwa kwenye sahani na kugandishwa unasaidia sana wakati wa mashine, analamba huku mtu wa pili anasaga, lakini kama unatumia siagi ya karanga ya dukani soma kopo kwanza, ikiwa na xylitol usimpe, hiyo sukari ya mbadala ni sumu kwa mbwa hata kidogo chake, inashusha sukari mwilini ghafla na inaweza kuharibu ini.

Kuna mbwa ambao hofu yao imeshavuka hapa, ukimsogelea mguu tu anang'ata. Huyo ongea na daktari wa mifugo, dawa za kutuliza kama gabapentin na trazodone madaktari wanazitumia kwa mbwa kabla ya shughuli kama hizi na sio aibu hata kidogo, ni huruma. Ila usichukue ya binadamu ukakadiria mwenyewe, dozi ni ya daktari, na gabapentin ya maji ya binadamu kuna ambazo zina hiyo hiyo xylitol.

Alama zangu: ubao 9 kati ya 10, moja nimetoa kwa sababu ya vidole vya pembeni na miguu ya nyuma. Mashine 7, inafanya kazi nzuri ila inadai uvumilivu mwingi kwa mbwa aliyeumizwa, na za bei rahisi ubora wake unapishana sana. Mkasi sijautupa, uko kwenye droo, ila Rambo hauhitaji kwa sasa.

Msasa mi nabadilisha ukishakuwa laini kwa kidole. Ukienda hardware mwambie muuzaji akukatie robo tatu ya mita, inatosha ubao wa sentimeta 60 na kipande kinabaki cha kubandika kwenye bomba.