Leuthen 1757 kwenye ubao: mchezo mzuri, kanuni ya kuona ibadilisheni

Nimeucheza mchezo huu wa ubao wa vita vya Leuthen, kati ya Prussia na Austria, kwa pande zote mbili. Kasoro yake kubwa ni kwamba kanuni zilizomo kwenye sanduku zinamwachia Mwaustria (mchezaji wa upande wa Austria) aone kila kitu, na hapo Leuthen inakufa.

Tarehe 5 Desemba 1757, huko Silesia, Mfalme Friedrich II wa Prussia alikuwa na askari kama 35,000. Waaustria walikuwa wapatao 65,000, wametanda kutoka Nippern kaskazini hadi Sagschütz kusini. Kikosi kidogo cha Prussia kilijifanya kushambulia upande wa Borna, Waaustria wakapeleka akiba yao, yaani askari waliowekwa nyuma, kaskazini. Kumbe jeshi kuu la Prussia lilikuwa linapita nyuma ya vilima kuelekea kusini. Mchezaji anayeuona msafara huo mezani hadanganyiki hata akitaka.

Tunachofanya sisi: simamisheni kadibodi juu ya mstari wa vilima. Kabla Mprussia hajasogeza kipande, Mwaustria aandike amri ya akiba yake kwenye karatasi na kuikunja. Haruhusiwi kuibadilisha hadi Sagschütz ishambuliwe. Akiachiwa akiba huru, zamu ya tatu ameshaziba kusini, na wingi wake unamaliza kazi.

Shambulio la mshazari limetengenezwa vizuri sana. Batalioni zinaingia ngazi kwa ngazi, ya kulia ikitangulia. Wageni hunyoosha mstari ili upendeze; matokeo yake wote wanapigwa kwa pamoja na faida ya kumwelemea adui ubavuni inapotea. Mizinga mizito iende sambamba na ngazi ya kwanza. Ikibaki nyuma, ukuta wa makaburi ya kanisa la Leuthen utakula batalioni zako.

Kijijini kanuni iko sawa kabisa: chumba cha ubao kikijaa vipande vitatu, kipande cha nyuma hakipigi risasi. Ndivyo msongamano wa Waaustria ulivyowaponza.

Wapandafarasi wa jenerali Driesen, upande wa kushoto wa Prussia, wasiguswe mapema. Wasubirini wale wa Lucchesi, jenerali wa Austria, washuke kuvamia ubavu wa askari wa miguu, ndipo muwafungulie. Wengi huwatumia zamu mbili kabla, halafu wanashangaa kwa nini jioni wanashindwa.

Jambo dogo lenye kero: vipande vya Württemberg, waliopigana upande wa Austria, ni vya buluu kama vya Prussia. Kihistoria ni sahihi, sare zao zilifanana, ila mezani mtahamisha jeshi la mwenzenu bila kujua. Vipakeni nukta nyeupe kwenye kona.