Uzoefu wangu: kukagua Yamaha DT 175 ya zamani kabla ya kuinunua

DT 175 yangu ya kwanza niliinunua Dar es Salaam kwa sababu haikuwa ikitoa moshi. Muuzaji aliipiga kiki mara moja ikawaka, nikazunguka nyuma ya ekzosi, nikatazama, na sikuona kitu isipokuwa hewa ya moto. Kwa kuwa nilikuwa nimezoea pikipiki za mapigo manne zinazobeba abiria mitaani, ambazo moshi wa buluu humaanisha ringi zimekwisha, nililipa bila kubishana sana. Siku ya 19, nikiwa barabara ya Morogoro karibu na Mikese, pistoni ilishika ndani ya silinda, gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka, nami nikaserereka hadi kwenye majani ya kando ya lami. Sikuumia zaidi ya kuchubuka kiwiko, lakini injini ilikuwa imekwisha.

Fundi aliyeifungua alinionyesha kilichotokea. DT 175 ni injini ya mapigo mawili, ile ambayo mafundi wetu huiita tu stroki, na chini ya krankshafti yake, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, hakuna oili inayosubiri kurushwa juu kama ilivyo kwenye injini ya mapigo manne. Oili huingia pamoja na petroli, hulainisha beringi na pistoni, kisha huungua na kutoka kama moshi. Yamaha walianza kuweka pampu ya oili waliyoiita Autolube kwenye pikipiki zao mwaka 1964 ili mwendeshaji asilazimike kuchanganya oili kwa mkono kila anapojaza tangi. Kwenye pikipiki yangu pampu hiyo ilikuwa imeondolewa zamani, tundu lake limezibwa kwa bati, na anayejua hali hiyo alipaswa kuchanganya oili ndani ya tangi. Mimi sikuambiwa, wala sikuuliza, nikawa najaza petroli tupu kituoni. Injini ya mapigo mawili iliyopoa ambayo haitoi moshi hata kidogo inapowashwa inapaswa kukutia hofu kuliko ile inayowaudhi majirani.

Nilinunua nyingine miezi minane baadaye, na ninayoyaeleza hapa ni ukaguzi wa hiyo ya pili pamoja na jinsi ilivyonitumikia kwa miaka miwili sasa. Kwa asiyeifahamu, DT 175 ni ndugu mdogo wa DT-1 ya mwaka 1968 iliyokuwa na injini ya sentimita za ujazo 250, na yenyewe ina silinda moja ya sentimita za ujazo 171, yenye kipenyo cha milimita 66 na mwendo wa pistoni wa milimita 50, inayopozwa na upepo tu. Nilikua nikiiona ikiendeshwa na paroko wetu na bwana shamba, na nakiri kwamba sehemu ya tamaa yangu ilitoka huko. Tamaa ya namna hiyo ni mshauri mbaya wakati wa kununua, ndiyo maana safari ya pili nilikwenda na tochi, spana, bisibisi ndefu, kipimo cha mgandamizo na fundi yule yule aliyefungua ile iliyokufa.

Mwenye pikipiki alikuwa bwana shamba mstaafu anayeishi Mgeta, juu kwenye milima ya Uluguru. Nilipompigia simu nilimwomba jambo moja tu: asiiwashe asubuhi hiyo. Tulipofika, baada ya shikamoo na chai, niliweka kiganja juu ya silinda kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Ukikuta injini ina joto wakati uliomba isiwashwe, kuna kitu ambacho muuzaji hakutaka ukione, kwa kawaida ni ugumu wa kuwaka au namna inavyotoa moshi dakika za mwanzo.

Hatukuiwasha sisi pia, kwanza. Tulifungua pembeni tukafuata mpira mwembamba unaotoka kwenye tangi la oili hadi kwenye pampu, na kutoka kwenye pampu hadi penye kabureta. Pampu ilikuwepo, mpira ulikuwa umejaa oili bila viputo vya hewa, na waya wa akselereta, ambao kwenye pikipiki hii hugawanyika mara mbili, mmoja ukaenda kabureta na mwingine ukaenda pampu, ulikuwa ukivuta pande zote mbili kwa pamoja. Mzee alisimama pembeni akitutazama, kisha akasema, "Mwanangu, pampu hiyo sijaigusa toka niichukue kwenye mnada." Nilimwamini, lakini tuliendelea kufungua.

Hatua iliyofuata ndiyo ninayoithamini kuliko zote, na inashangaza kwamba wanunuzi wengi hawaifanyi ilhali haichukui robo saa. Tulitoa ekzosi, tukaisogeza pistoni taratibu kwa kiki, tukamulika tundu la kutolea moshi lililo mbele ya silinda. Kupitia hapo unaiona pistoni yenyewe. Mikwaruzo mirefu ya wima ni kumbukumbu ya siku iliposhika, hata kama mwenyewe ameisahau au ameificha. Uso laini wenye weusi kiasi karibu na ringi ni jambo la kawaida. Tuliona michirizi miwili hafifu, ambayo ukipitisha ukucha haunasi. Kisha mzee akaturuhusu kufungua kichwa cha silinda, jambo ambalo wauzaji wengi watakukatalia, na chini ya masizi juu ya pistoni tukakuta imegongwa namba 50, maana yake silinda ilikwisha kuchongwa na kuwekewa pistoni iliyozidi ile ya kiwandani kwa nusu milimita. Zipo saizi za 25, 50, 75 na 100. Ukikuta 100, hesabu kwamba uchongaji unaofuata hautakuwa na pistoni ya kuupokea na utalazimika kuweka slivu mpya, yaani bomba la ndani la silinda, hivyo bei ishuke kwa kiasi hicho au uage uondoke. Baada ya kufunga kichwa tulipima mgandamizo, akselereta ikiwa imefunguliwa yote kwa sababu ikiwa imefungwa kipimo hudanganya, tukapata pauni 118 kwa inchi ya mraba. Sikuwa na malalamiko.

Tatizo lilikuwa kwenye oili sili za krankshafti, yaani mipira inayoziba ncha zake mbili, nalo ni tatizo la pikipiki nyingi za umri huu, hata zile zilizotunzwa, kwa kuwa mpira hukauka pikipiki ikiwa imesimama tu. Sili ya kulia hutenganisha krankshafti na oili ya gia. Ikichoka, injini hunyonya oili ya gia na kuichoma, moshi huwa mweupe mzito usiokwisha hata baada ya kupasha, na oili ya gia hupungua bila tone kuonekana chini. Ya kushoto iko nyuma ya magneti, gurudumu linalozalisha umeme. Hiyo ikichoka, injini hunyonya hewa, mchanganyiko wa petroli unakuwa mwembamba, silensa, yaani mngurumo bila kuvuta akselereta, haitulii, na ukirudisha akselereta mngurumo unachelewa kushuka. Hii ya pili ndiyo huua pistoni. Tulipofungua kifuniko cha magneti tulikuta unyevu wenye mafuta nyuma yake, na tulipoiwasha, ikawaka kwa kiki ya tatu na moshi wa buluu mzuri kabisa, mngurumo ulibaki juu kwa sekunde kadhaa kila nilipoachia. Fundi alinitazama tu; hakuhitaji kusema.

Nilishika magneti nikaitikisa juu na chini kusikiliza beringi kuu, kisha nikaingiza bisibisi kwenye tundu la plagi kuhisi kama konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krankshafti, ina mchezo. Hakukuwa na mgongano. Fremu, shokapu za mbele, mkono wa gurudumu la nyuma na beringi za usukani tulizipitia haraka na hazikuwa na nyufa wala mchezo wa kutisha; kilomita za dashibodi hatukuzisoma kabisa, kwa sababu waya wa spidi mita ulikuwa umekatika miaka isiyojulikana, na hata ungekuwa mzima, raba ya kiki iliyolika na meno ya sproketi yaliyopinda yangenieleza zaidi. Namba ya chesi na ya injini zililingana na kadi ya umiliki ya TRA, mamlaka ya mapato, na kadi ilikuwa na jina la mzee mwenyewe. Hilo ni muhimu kwa pikipiki zilizowahi kuwa za serikali au za miradi, maana nimeshawaona watu wakikaa na pikipiki nzima isiyoweza kuhamishwa umiliki.

Niliiendesha nusu saa, nikiteremka kuelekea Mlali kisha nikipanda kurudi, kwa kuwa sili na koili huonyesha udhaifu wao zikiwa za moto. Nikaizima kileleni, nikasubiri dakika tano, nikapiga kiki. Iliwaka mara moja. Mzee alitaka shilingi milioni 1.8, nilimweleza kuhusu sili bila kumdharau, akaiona mwenyewe, na tukaafikiana kwa milioni 1.35.

Sili zote mbili nilibadilisha kabla ya kuitumia. Ya kushoto hutoka ukishavua magneti. Ya kulia ilitulazimu kufungua injini nzima, na gharama ya ufundi ilizidi bei ya sili zenyewe mara nyingi. Kuna kosa nililofanya, nalo nililigundua baada ya mwezi: nilimulika tangi kwa tochi likiwa na petroli nusu, nikaona sehemu ya juu inang'aa, nikaridhika. Chini kulikuwa na kutu. Magamba yake yaliziba jeti, kitundu cha kupitishia petroli kwenye kabureta, nikiwa safarini, injini ikaanza kukohoa na kupata moto kupita kiasi, na kama nisingekuwa nimeshafundishwa na ile ya Mikese ningeilazimisha hadi nyumbani. Petroli yote imwagwe kwenye ndoo kabla ya kulimulika tangi.

Tangu hapo imenipeleka Mgeta, Kilosa na Mikumi bila kuniacha njiani. Inakunywa wastani wa lita moja kwa kilomita 25, breki zake za drum zinahitaji utabiri mapema kabla ya kona, na umeme wa volti 6 unatoa taa ambayo usiku wa mvua ni kama mshumaa, hivyo jua likizama siendi mbali nayo. Vipuri vya kawaida ninavipata kwa kuulizia, ila pistoni ya saizi 75 niliinunua mapema nikaiweka kabatini. Anayetaka pikipiki ya zamani bila usumbufu huu atafute Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, kwani injini yake ndiyo iliyonakiliwa na viwanda vingi vya China na hivyo spea zake zimejaa kila duka la bodaboda. Mimi nilijaribu kuipenda hiyo, nikashindwa.

Kila mwanzo wa mwezi ninapima oili ya gia na kufungua pembeni kutazama mpira wa pampu. Oili haijapungua, na mpira hauna viputo.