Unga wa mwarobaini sokoni Tabora: fungua pakiti kabla hujalipa

Pakiti za nusu kilo za unga wa mwarobaini zinazouzwa Tabora mjini kwa kunyunyizia viwavijeshi wa mahindi zinafanana kwa nje tu. Unga mzuri umetwangwa kutokana na kiini cha mbegu: una mafuta, ukiufinya unashikamana, na harufu yake inakaribia ya kitunguu saumu. Ukiwa mkavu na wa kijani kilichopauka, hayo ni majani, nayo nguvu yake ni ndogo mno. Uliokaa kwenye mfuko mweupe juani mbele ya duka, uache hapo hapo. Jua linaivunja azadiraktini, yaani dawa yenyewe iliyomo kwenye mwarobaini, na hiyo ndiyo unayoilipia.

Azadiraktini ni kinga ya mti wenyewe. Kiwavi akiionja, hamu ya kula inakatika. Aliyemeza kidogo anashindwa kujivua ngozi ili akue. Kwa hiyo wanaolalamika kwamba asubuhi viwavijeshi bado wako hai wanauonea unga huu. Siku ya 3, fungua moyo wa mmea wa mhindi. Usihesabu maiti, tazama kama kuna mavi mabichi na matundu mapya. Kama hakuna, dawa imeshika. Viwavi wakubwa waliokwisha kujichimbia ndani ni habari nyingine: hao umewachelewa.

Tatizo kubwa ni kipimo. Karatasi ya pakiti inasema vijiko 2 kwa bomba la kunyunyizia, na hayo ni maji matupu. Kinachotakiwa ni gramu 50 kwa lita 1, yaani pakiti moja na nusu kwa bomba la lita 15. Loweka usiku kucha, chuja mara 2 kwa kitambaa (makapi yakiziba pua ya bomba, kazi inalala), tia sabuni ya maji kidogo ili dawa ishike kwenye jani. Nyunyiza jioni, rudia baada ya siku 5 hadi 7. Mvua ikikuwahi, rudia mapema.

Zile pakiti zilizochanganywa vumbi la tumbaku, tafadhali zikatae. Nikotini, sumu iliyomo kwenye tumbaku, nayo ni kinga: tumbaku huitengeneza mizizini na kuipandisha majanini, na majani yakitafunwa huiongeza. Wadudu inawaua upesi, lakini inapenya pia ngozi ya anayenyunyiza. Na virusi vya ugonjwa wa batobato ya tumbaku hudumu muda mrefu kwenye majani makavu, kwa hiyo ukinyunyizia nyanya au pilipili unaweza kuziambukiza kwa mkono wako mwenyewe.